Bahasha ya Paulin

Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 9 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Anselme,

Pokea salamu zetu kutoka huku nyumbani. Mnaendeleaje huko Liège na baridi inayoanza? Mgongo wa shemeji Benita umepoa? Sisi tunapumua. Mvua bado, na vumbi la mgodi linaingia mpaka kwenye sufuria. Mimi siumwi. Nakula, nalala, nakwenda kazini, ila kwa muda mrefu sikusikia ladha ya chochote. Tangu tulipomzika ndugu yetu Paulin mwezi wa nane, moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Asante kwa maneno uliyotuma siku za kilio. Nilisomewa, sikumbuki nilijibu nini. Wajukuu walivaa kofia yake na kuigiza mwendo wake, kama ilivyo desturi yetu, watu wakavunjika mbavu. Mimi nilikaa kama gogo.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia hata padri. Ule mchezo wa mezani uliotuletea, wenye falme, mazimwi na kitabu cha sheria kinene kama misale ya padri, tulikuwa tunaucheza kila Jumapili baada ya misa, kwa Paulin. Yeye alishika Mlima, mimi Mto, na Précieux, yule fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Kenya, alishika mazimwi. Paulin na mimi tulifanya mapatano: daraja liko wazi kati yetu, hakuna kushambuliana. Tulishikana mikono, tukanywa bia moja kwa glasi mbili.

Unajua sheria. Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, anazifunga kwenye bahasha, na zote zinafunguliwa pamoja. Jumapili ile ya mwisho mvua ya mawe ya maneno ya Edith, mke wa Paulin, ilitukatiza, chakula kilikuwa kinapoa, tukaahirisha kufungua. Jumatano lori la Paulin likapinduka njia ya Mokambo.

Anselme, kwenye bahasha yangu nilikuwa nimemsaliti. Hilo ndilo jambo la mwisho nililomtendea mdogo wangu. Utasema ni mchezo tu. Nami nilijiambia hivyo, haikusaidia.

Edith alipotoa meza kwa ajili ya kilio, bahasha alizitia kabatini. Mwezi uliopita akaziona. Ya Paulin ilikuwa na maandishi yake: "Isifunguliwe mpaka bote tuko." Mjane wa watu akaamini ni wosia. Akamwita baba mdogo Kunda, naye akaita ukoo mzima. Nikawaambia ile ni ya mchezo. Baba mdogo akanikata: "Muntu amekufa, weye unaleta mambo ya muchezo? Kaa chini!"

Nikakaa. Akaanza na bahasha yenye jina langu, akidhani ni fungu langu la urithi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Leo navunja mapatano na Paulin. Jeshi langu lote livuke daraja, liteke mji wake." Edith alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze, na bado sikulia.

Kisha akafungua ya Paulin: "Yaya Godefroid atavuka daraja, minamuyua. Bamuache apite, kisha bafunge daraja nyuma yake."

Edith ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka, baba mdogo akakunja karatasi kwa aibu kama aliyeshikwa akila kabla ya sala. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kumbe nilimdanganya nani? Alinijua mimi kaka yake mkubwa kuliko nilivyojijua. Halafu kifo chake kikaanza kuniuma, kama mguu unaotoka ganzi, na usiku ule sikula.

Jumapili iliyopita Edith aliomba kukaa kwenye kiti cha Paulin. Tulipanga meza upya na kufuata amri kama zilivyoandikwa. Nilivusha askari wangu wote, mmoja mmoja. Edith akafunga daraja.

Nimeshindwa, mdogo wangu. Askari wangu wamo ndani ya mji wa Paulin, na njia ya kurudi hakuna.

Edith, binti yake Tracy na baba mdogo Kunda wanakusalimu. Mbusu Benita na watoto kwa niaba yetu. Mungu awatunze ugenini, na ampe Paulin pumziko mahali pasipo na vumbi.

Wako akupendaye,
Yaya Godefroid