Kakao ya Masanja

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Maziwa nusu lita. Kakao vijiko vinne, vimejaa mpaka vinamwagika. Koroga, chemsha, epua. Sukari hakuna. Leo tunaingia wiki ya kumi bila sukari nyumbani, hata ya mgeni. Bakuli la sukari nimeliwekea vifungo vya mashati.

Masanja kanywa vikombe viwili kabla sijavaa viatu vya shule. Alikuwa anaimba. Mume wangu akiimba asubuhi ujue mambo yamekaa sawa. Mwezi wa sita, nilipomkatia sukari, alinuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa, maana kwa mtu huyu kakao ndiyo kila kitu. Miaka kumi na tisa yuko chumba cha injini, meli ya Nansio kule Ukerewe, na humo siku inaanza na sufuria la kakao. Sukari vijiko sita kwa kikombe. Sita! Halafu tukashangaa kisukari kimetoka wapi.

Sasa tuna kopo la kakao. Nililinunua wiki mbili zilizopita kwenye duka jipya la mjini. Siku hizi ni ruksa, kila kitu kipo, vya Nairobi, vya Dubai, vya Ulaya. Nani angeamini, sisi tuliopanga foleni ya sabuni. Kakao nimeimimina kwenye chupa, kopo lenyewe nimelipanga kabatini nyuma ya kioo, juu ya kitambaa nilichofuma, picha ya kikombe ikitazama sebuleni. Wageni wanaliona kabla hawajaniona mimi. Na kakao yenyewe ni ya daraja la juu, ina utamu wake, haihitaji kuongezwa kitu. Najisifu. Mwalimu wa sayansi kimu si wa mchezo.

Alhamisi ni kliniki. Daktari kasema mkojo ukipimwa ukatoka bluu, yaani hauna sukari, Alhamisi mbili mfululizo, anaandika barua Masanja arudi kazini. Ofisi ya meli inamsubiri mpaka mwisho wa mwezi huu. Ikipita hapo, injini anapewa mtu mwingine. Mwezi wa saba tulishafika kijani. Imebaki hatua moja.

Alhamisi, 4 Agosti

Chungwa.

Nesi anatia matone ya mkojo kwenye dawa ya bluu, anachemsha. Ikibaki bluu, hamna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Leo ilipita kijani, ikapita njano, ikasimama kwenye chungwa. Chungwa lililoiva. Daktari akamtazama Masanja. Masanja akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Masanja.

Anakula kitu. Anakula kitu nikiwa shuleni.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimenusa mdomo wake alipolala. Kakao tu. Nimepekua mifuko ya koti. Spana moja, bisibisi, karatasi ya zamani ya mafuta ya injini. Hakuna ganda la peremende.

Basi atakuwa ni Mama Kulwa, jirani, anayekaanga maandazi kibarazani pake hatua ishirini kutoka mlango wangu. Nimemfuata. Nimemwuliza mbele ya wateja kama anamwuzia mume wangu maandazi. Akaapa kwa majina ya pacha wake wote wawili kwamba hajamwuzia hata moja. Sikuamini. Nimerudi nimefura.

Jumatatu, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna shule. Nimekaa nyumbani kumlinda. Nimetoka mara moja tu, kuteka maji. Siku nzima tumetazamana kama askari na mahabusu. Jioni nikamwonea huruma nikampikia kakao ya tatu. Angalau hiyo haina madhara.

Alhamisi, 11 Agosti

Matofali. Nyekundu ya matofali kabisa, mwisho wa kipimo.

Daktari katamka neno sindano. Tumerudi kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Tulipofika nimemwita mwongo. Nimesema ana kazi ya kupoteza, ana mtoto wetu Neema bweni Tabora, na bado tumbo linamshinda. Nimesema mengi. Masanja hakupandisha sauti. Alisema neno moja, eti Mwalimu, sinywi kitu ila unachonipa wewe. Akaenda kukaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akaangalia ziwa mpaka giza likaingia.

Naumia. Na hasira bado ninayo. Vyote viwili.

Jumamosi, 13 Agosti

Mungu wangu. Mungu wangu, nisitiri.

Nimesafisha kabati. Hasira ikinipanda huwa nasafisha. Nimetoa sahani, nimetoa glasi, nikalishika kopo nipanguse vumbi. Nikaligeuza. Nyuma, upande uliotazama ukuta, kuna maandishi. Herufi ndogo kama sisimizi. Kiingereza. Wameandika vitu vilivyomo kwa mpangilio, kilicho kingi kinatangulia. Cha kwanza ni sukari. Kakao ni ya pili!

Nilikaa chini sakafuni na kopo mkononi.

Vijiko vinne kwa nusu lita. Asubuhi na jioni, na ya tatu ya huruma. Mimi ndiye niliyemnywesha. Mimi! Ninayewafokea darasa la sita wasome swali kabla ya kujibu. Ila wakati wetu nani alisoma kopo? Sukari ilipimwa kwa kibaba, mafuta kwa chupa, ukipata ulichopata unashukuru. Kopo lilikuwa pambo. Tukionja utamu tulisema ndivyo vitu vya Ulaya vilivyo.

Aibu imenijaa mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu kuna furaha, siwezi kuificha. Mume wangu si mwongo.

Jumapili, 14 Agosti

Baada ya ibada nimeliweka kopo mbele yake. Nikamsomea nyuma, nikatafsiri neno kwa neno kama niko darasani. Nikapiga magoti, nikasema nimekosa, Baba Neema, nisamehe.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. Akanitaka nisome tena. Nikasoma. Akasema tena, taratibu, hakusikia vizuri pale kwenye neno la kwanza. Mtu mbaya huyu.

Kicheko kilipoisha akatazama sakafu. Akasema na yeye ana neno. Siku ya Nane Nane nilipokwenda kuteka maji alikula andazi. Nusu. Nikamkazia macho. Akasema, basi, moja. Nikaendelea kumkazia. Moja na nusu.

Nimemchapa kwa taulo la vyombo sebule nzima. Raha ilirudi ndani ya nyumba yetu leo, naiandika hivyo hivyo.

Kwa Mama Kulwa ilibidi niende vilevile. Nilibeba papai. Kaniacha nimesimama muda mrefu, anageuza maandazi yake, hana haraka. Halafu akasema, "Mwalimu, uliniuliza kama nimemwuzia. Hukuniuliza kama nimempa." Na papai akachukua.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimeshuka mjini kwa Mama Hasmita, Mhindi wa duka la viungo nyuma ya soko kuu. Nilimsimulia yote. Alicheka kwa adabu, kiganja mdomoni. Kumbe mama mkwe wake ana ugonjwa huohuo. Akaniletea kakao tupu wanayotumia kwenye keki, nyeusi kama udongo wa mbuga, imefungwa kwenye karatasi. Kasema maziwa yasichujwe, moto uwe mdogo, na ule utando wa juu nisiutupe. Kaniongezea vijiti vya mdalasini bure.

Safari hii nimeuliza mara tatu kilichomo. Kakao. Kakao tu.

Jumanne, 16 Agosti

Jaribio la kwanza. Uchungu wa kukunja uso. Masanja kasema itafaa kusafishia pistoni.

Jaribio la pili. Niliongeza mdalasini. Nafuu kidogo, ila nyepesi, maji matupu. Nikashika unga wa mahindi nikoroge kijiko iwe nzito, kama alivyofanya mama yangu. Mkono ukasimama hewani. Unga nao unageuka sukari mwilini. Hilo nalifundisha kila mwaka, jamani. Nimerudisha unga.

Jumatano, 17 Agosti

Nimepata!

Niandike nisisahau. Maziwa ya ng'ombe ya asubuhi, kikombe. Chemsha polepole, acha yapoe, kusanya utando wote na mafuta yake. Kakao kijiko kimoja, ivuruge kwanza na maziwa ya moto kidogo mpaka iwe rojo, la sivyo inafanya madonge. Rudisha jikoni na kijiti cha mdalasini na iliki mbili zilizopondwa. Chumvi punje chache, si zaidi. Chumvi ndiyo inayotuliza uchungu, sikutegemea. Mwisho piga ule utando kwa uma mpaka uumuke, umimine juu.

Kikombe kimoja kwa siku. Nimeshajifunza.

Masanja alionja. Akaonja tena, masharubu yamejaa povu jeupe. Akanywa yote, akanyoosha kikombe niongeze. Nikakataa. Nilikuwa na furaha nikashindwa kula.

Alhamisi, 18 Agosti

Kijani? Hapana. Bluu! Bluu ya ziwa saa sita mchana. Nesi kasema hajawahi kuona mtu akishuka haraka namna hii, akauliza tumefanya nini. Masanja akafungua mdomo asimulie habari ya kopo. Nikamkanyaga mguu.

Bado moja.

Jumapili, 21 Agosti

Wageni bila taarifa. Nahodha na mafundi wawili wa chumba cha injini, wamekuja kumwona mwenzao. Mgeni kumpa kinywaji kisicho na sukari ni matusi. Utasemwa kuanzia hapa Kirumba mpaka Ukerewe. Nikafikiria kukimbia kwa Mama Kulwa kuazima. Masanja akasema hapana, watakunywa ninachokunywa mimi.

Nikapika birika zima. Fundi mmoja akaonja, akatafuta bakuli la sukari, akafunua, akakuta vifungo. Walicheka wote. Halafu wakanywa. Nahodha akaomba tena, akaniambia wabeja sana, asante ya kwetu, na mtu yule hana kawaida ya kushukuru.

Lakini mlangoni akaninong'oneza. Fundi kijana kutoka Musoma ameshaitwa. Tarehe moja Septemba anashika injini, kama barua haijafika. Nilitabasamu. Nilipofunga mlango nikahesabu siku kwa vidole. Masanja sijamwambia.

Jumatano, 24 Agosti

Kesho. Naogopa. Nimeunguza mboga, nimefokea watoto wa watu bila sababu.

Alhamisi, 25 Agosti

Nesi alichemsha, akaishika chupa dirishani. Nikamwomba Mungu kwa Kiswahili na Kisukuma. Nesi akageuka taratibu. Anapenda kunitesa huyu.

Bluu.

Nilipiga vigelegele palepale kwenye korido. Wagonjwa kwenye benchi wakaitikia bila kujua kisa, bibi mmoja akasimama akacheza na fimbo yake. Daktari alitoka kuona kuna nini, akarudi ndani akaandika barua. Tuliipeleka ofisi ya meli kwa mikono yetu kabla wino haujakauka. Karani akagonga muhuri. Masanja akaishika kofia yake kifuani, machozi yanamtoka, hakuyafuta. Na mimi vilevile.

Jumatatu, 29 Agosti

Ameondoka alfajiri. Ovaroli imepigwa pasi, chupa ya chai imejaa kakao, ya kwake na ya wenzake. Hakuimba. Alinishika bega tu, akashuka mteremko.

Asubuhi nilikuwa na darasa la sita, tunashona pindo. Shule yetu iko juu, chini ndiyo bandari. Saa tatu honi ya meli ikalia. Nikawaambia watoto waache sindano na wanyamaze kabisa. Wakanyamaza. Injini ikaanguruma kule chini, ikatulia, ikashika mwendo sawasawa, ikaanza kwenda mbali.

Watoto walitazamana. Walidhani nimekasirika. Nilikuwa namsikiliza mume wangu akifanya kazi.