Gustave Anakuja Huko New York

Mdogo wangu Carmel,

Kama nilivyokuwa nakuambia kabla simu haijakatika, Odette wa saluni ya Overport ameolewa tena. Eish, bwana mwenyewe anamfika kwapani! Leo watu wa kanisa wamejaa hapa kwangu Umbilo, tumepika sombe ya majani ya mihogo na samaki, tunamuaga bwana yako Gustave. Amegawa vitu vyote, hata mashine yake ya kunyolea. Anatamba, "Bibi yangu iko na nyumba New York!"

Uliniomba nimwambie asikuje kwanza, eti huko kodi inakula mshahara wa kazi zako mbili, na kitanda mnalalia kwa zamu na yule Mhaiti mpangaji mwenzako, wewe mchana, yeye usiku. Carmel, nimeshindwa. Nikifungua mdomo, Gustave anacheka kama mtoto, basi naongea habari ya samaki. Barua hii ataileta yeye mwenyewe. Ukiisoma, amesimama mbele yako na masanduku. Usimgombeze, ugombeze miye.

Ngoja, ananiita kule nje: "Ya Colette! Shemeji! Pasta anasema wewe ndio utatoa neno la furaha!"

Naenda.

Dada yako,
Colette