Zebaki na Wajina Wake

Nyarugusu, Geita

Kwa shangazi yangu Minza, Nyasubi, Kahama.

Shikamoo shangazi. Na wewe Limi unayemsomea bibi yako, hujambo? Soma taratibu, usiruke mahali, hata pale utakapotamani kuruka.

Magoti yanaendeleaje, shangazi? Nasikia Kahama vumbi ni jingi kuliko watu. Natumaini binti yako amekupa chumba kisichotazama barabara. Mimi mzima, ukiacha mikono inayotetemeka, ndiyo maana mwandiko huu unafanana na nyayo za kuku. Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu ungesema, "Yameisha, mwanangu," nami ningeshukuru na kukata. Hayajaisha. Nakuandikia kusema kwamba mwanangu hukumuua wewe, na kwamba naamini nakijua kilichomuua.

Nianze na Limi, maana swali lake ndilo lililonifungua mdomo. Alinitumia ujumbe: "Mjomba, shuleni tumefundishwa kuna sayari inaitwa Zebaki. Ndiko mnakochota hiyo ya kukamatia dhahabu?" Nilicheka, kisha nikawauliza wenzangu mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu. Wakabishana wiki nzima. Mzee mmoja alisema lazima imetoka juu, kwa sababu haikubali kushikwa kama vitu vya duniani.

Mimi nina kitabu cha sayansi nilichokinunua kwa muuza karanga. Kurasa za mwisho alishafungia karanga, kwa hiyo maswali yote ninayo, majibu waliyala wateja. Hata hivyo hili lilikuwa mbele. Sayari ile ni mwamba mkavu, jirani wa jua. Hii yetu ya chupani inatoka kwenye mawe ya hapa hapa duniani. Wamefanana jina tu. Iliyotoka mbali ni dhahabu: redioni walisema ilipikwa nyota zilipogongana na kufa, kabla dunia haijakuwapo. Nilipomweleza mzee akasema, "Kumbe ndiyo maana haipatikani."

Wamefanana jina tu. Nilipoyaandika maneno hayo kumjibu Limi, kalamu ilisimama. Mtoto wetu tulimpa jina lako, na alipokufa watu walisema umemwita wajina wako.

Shangazi, sikiliza ilivyokuwa. Mvua ya mwaka juzi nilirudi nyumbani na donge la dhahabu lililoshikana na zebaki, dogo kama punje ya hindi. Donge kama hilo huchomwa ili zebaki itoke, ibaki dhahabu. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na sikutaka majirani wajue nina nini. Nikalichomea jikoni, kwenye kifuniko cha kopo juu ya mkaa, mlango nimeufunga. Mke wangu Nkwimba alikuwa mle mle na mtoto wa wiki saba, wanaota moto.

"Haitoi moshi hiyo?" akaniuliza.

"Moshi gani? Wewe unauona?"

Hakuuona. Kesho yake mtoto akaanza kukohoa, na Nkwimba naye kifua kikambana. Njia ya zahanati ilikuwa imekatwa na maji. Siku ya nne tukazika.

Baada ya matanga kaka yangu Kulwa akasema mbele ya ukoo, "Mtazameni macho." Macho yako yalikuwa mekundu, na kwetu macho mekundu huitwa ya mchawi. Kila aliyekuwa pale alijua umepikia kinyesi cha ng'ombe tangu kuni ziishe kwetu, na siku ile hakuna aliyekumbuka. Moshi wako ulionekana, ukakushitaki. Wangu haukuonekana.

Ukanigeukia mimi. "Shija, sema basi wewe. Mtoto amekufa na nini?" Ulikuwa unauliza kweli. Ndivyo ulivyoniuliza utotoni kwa nini mtungi unatoka jasho na hali hautembei, ukanikataza kujibu mpaka niutazame kwanza. Siku ile nilitazama ndala zangu. Asubuhi yake ukaondoka na kifurushi kimoja.

Mwezi uliopita alikuja hapa dada mmoja kutufundisha kuchoma salama. Akachoma donge, akashika sahani ya baridi juu ya moto. "Mnaona moshi?" Tukasema hatuoni. Akaigeuza sahani. Chini yake kulikuwa na matone madogo meupe, yanang'aa kama umande. "Haya yangekuwa kifuani mwenu," akasema. Nilikwenda kutapika nyuma ya karasha, mashine yetu ya kusagia mawe. Wenzangu wakanitania, "Shija, ya miezi mingapi hiyo?" Baadaye nilimfuata nikamuuliza kuhusu mtoto wa wiki saba. Akauliza, "Mlango ulikuwa wazi?"

Sitakudanganya, shangazi. Mtoto hakupimwa, na vichomi vingine huja bila zebaki. Siwezi kuapa. Lakini mtungi nimeutazama sasa, na ninachokiona ni mkono wangu.

Nilikwenda nyumbani nikamwambia Nkwimba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuuliza, Shija." Hilo tu. Siku zote nilizokaa aliniwekea chakula, akaondoka.

Kulwa alisema, "Iache hiyo, watu wameshasahau." Nikamwambia waliosahau ni waliobaki kwao. Nikauita ukoo, nikayasema yote nimesimama. Kulwa akauliza, "Kwa hiyo sahani ndiyo shahidi?" Wakacheka. Wengine walisema machimbo yamenilegeza akili. Mama yangu mdogo peke yake alilia, akasema atakwenda kufagia uwani kwako. Kwa hiyo sikuletei jina safi. Wengi bado wanapendelea uchawi, maana uchawi hauwadai wao kitu. Nilichoweza kuleta ni jina langu, niliweke pale walipoliweka lako.

Sikuombi urudi, wala sikuombi useme yameisha. Nikikutana na mtu yeyote wa kwetu, machimboni au sokoni, nitayasema haya tena.

Mpe salamu binti yako anayekulea, na mumewe fundi baiskeli. Mwambie nashukuru kwa kukupokea siku ambayo sisi wa damu tulishindwa. Limi, asante kwa swali. Endelea kuuliza, hata wakikujibu kama nilivyomjibu Nkwimba.

Nkwimba hakuniagiza salamu. Aliniagiza ombi: kama utamruhusu aje kukaa nawe siku chache huko Nyasubi, awe na mtu wa kumlilia mtoto pamoja naye. Alisema nikuandikie hivi hivi: atakuja peke yake, bila mimi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, niliyenyamaza,

Shija