Picha ya Baba Mdogo Chini ya Habari ya Muuaji

Mwanza

Shikamoo Tata, baba yangu,

Natumaini goti limeacha kukusumbua na Mama amemaliza kuanika kahawa. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi sina.

Tata, hapo Bweranyange mnasema Baba mdogo Laurian alipigwa kule Murongo kwa sababu alifananishwa na muuaji. Hakufananishwa. Ni mimi.

Gazeti ninalolitengenezea tovuti lilihamisha picha zake zote, ikabidi viungo vya picha, yaani anwani za mahali zilipo, vibadilishwe katika kila habari. Ni nyingi mno, basi nikaiandikia kompyuta amri moja: tafuta kiungo cha picha, weka kipya. Ilitakiwa ikome pale kiungo kinapoishia. Haikukoma. Penye ukurasa wenye picha mbili ilianzia ya kwanza, ikameza kila kitu mpaka ya mwisho. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyemuua mkewe kwa panga. Ya mwisho, ya habari ya kilimo iliyofuata chini yake, ilikuwa ya Baba mdogo, ameshika mche wa kahawa pale Bugene. Ukabaki uso wake, na juu yake maneno "Muuaji anatafutwa".

Vijana wa bodaboda walimkuta akishusha magunia ya maharage. Jiwe la kwanza lilimng'oa meno. Wakamburuta kwa miguu, wakamkanyaga kifuani, mmoja akampiga usoni kwa ubapa wa panga hadi jicho la kushoto likapasuka. Walikwisha kummwagia petroli. Muuza ndizi mmoja anayemfahamu akamlalia juu, akapiga kelele, "Basi mnichome na mimi!" Wakasita, na polisi wakawahi.

Nilimpigia simu hospitali, nikamwuliza kwa nini hakujitetea.

"Nilijitetea, mwanangu. Wakanionyesha simu. Nikauona uso wangu mwenyewe."

Sikuweza kumwambia. Kosa nililitafuta siku mbili. Dawa yake ilikuwa kuongeza kwenye ile amri alama moja ya kuuliza, inayoiambia kompyuta ikomee pa karibu. Moja tu, Tata, ikakoma panapotakiwa. Bosi wangu akasema, "Imeisha hiyo, usimwambie mtu."

Jumamosi nakuja. Nitamwambia mwenyewe, mbele ya wanawe.

Nisalimie Mama, shangazi anayemuuguza Baba mdogo, na mwinjilisti anayekwenda kumwombea. Yule mama wa ndizi mtafuteni, nataka kumpigia magoti. Na wanawe Baba mdogo wakininyanyulia mkono, Tata, nakuomba usiwazuie.

Binti yako,
Adventina