Mkono wa Shangazi Sefi

Jumatatu, 10 Oktoba 1988. Ndani ya treni, baada ya Andermatt

Naahidi kuandika yote. Mwalimu Planzer alinipa daftari hili siku ya kipaimara, akasema shajara ya uongo ni karatasi iliyoharibiwa bure. Basi nitaandika yote, hata yale yasiyonipamba.

Safari ya kipaimara imeanza! Regula wa darasani kwetu, msimamizi wake alimpeleka Luzern, wakala aiskrimu, jioni wakawa nyumbani. Mimi nitazunguka karibu nusu ya nchi hadi Jumamosi, kwa sababu msimamizi wangu ni Shangazi Sefi, na Shangazi hafanyi mambo nusunusu.

Baba ametuteremsha asubuhi. Gari letu la kebo, linaloning'inia kwenye waya kati ya kijiji na bonde, hubeba watu wanane, au wanne na ndama. Alifunga mlango, akagonga kioo mara mbili kama afanyavyo kwa kila abiria, akaenda kukaa kwenye mashine. Hakumuaga dada yake. Yaani alimuaga, ila kwa kugusa kofia tu.

Jambo moja linanisumbua. Ijumaa jioni ni mkutano wa kijiji. Watu wazima wote wa Blattiberg watakaa shuleni na kuinua mikono: barabara ijengwe, au isijengwe. Ikijengwa, jimbo halitalipia tena kebo. Baba ataizima mashine aliyoiwasha Babu. Nami nimepaka grisi magurudumu yake tangu darasa la tatu. (Hili sijamwambia mtu: nataka kuiendesha mimi, Baba akichoka.)

Anayeitaka barabara kuliko wote ni Mjomba Balz, mume wa Shangazi.

Nimemuuliza Shangazi kama tunaweza kurudi Ijumaa badala ya Jumamosi. Amesema nitazame dirishani, daraja linakuja. Limekuja. Lilikuwa zuri.

Jumanne, 11 Oktoba. Zermatt

Treni ya meno! Chini yake kuna gurudumu lenye meno linalouma reli ya katikati, krr krr krr, na hivyo inapanda pasipopandika. Niliinama kulitazama hadi kondakta akaniambia watu hulipa kutazama milima, si mvungu wa behewa lake. Nilimuuliza linapakwa grisi gani. Akacheka, kisha akaona sitanii, akanijibu vizuri.

Mlima wenyewe tuliokuja kuuona ulijifunika mawingu. Shangazi alisema umesikia watu wa Uri, jimbo letu, wanakuja, umekwenda kujificha.

Anachekesha watu wote. Mezani alimwambia mhudumu kwamba viazi vyake vya kukaanga vimekonda kuliko yeye, naye akatuongezea. Lakini tukibaki wawili hunyamaza, na huigeuza pete yake kidoleni, huku na huku.

Nawaza mkutano. Mwalimu alitufundisha kwamba asiyekuwepo hahesabiwi. Huwezi kuacha mkono wako nyumbani kwa jirani. Kijijini wanasema safari hii pande mbili zinalingana.

Jumatano, 12 Oktoba. Spiez

Leo meli, ziwa la Thun. Nimepiga simu nyumbani kutoka posta. Mama amesema Baba anapaka gari rangi mpya, nyekundu. Sasa hivi! Wiki hii! Mama amemwambia angoje matokeo kwanza. Baba amemjibu kwamba kutu haingoji matokeo.

Kisha Mama akasema, "Baba yako anasema umsalimie Sefi."

Nimemfikishia salamu. Shangazi ametia sukari kwenye kahawa, akakoroga, akatia tena.

Hapo nikamkumbusha: Shangazi, mkutano ni keshokutwa. Nilidhani labda amesahau. Watu husahau wakiwa likizo. Amesema anajua siku za wiki, ahsante.

Tumekula makaroni kwa jibini, viazi na matufaha yaliyopondwa. Si kama ya Mama. Usingizi hauji. Kitanda kinanikera, na maji yanapigapiga ukuta chini ya dirisha.

Alhamisi, 13 Oktoba. Juu ya Mürren, kisha Interlaken

Nimeahidi yote, basi haya.

Tulipanda kebo kubwa, umati mzima ndani ya gari moja! Mwendeshaji alikuwa kijana mwenye masharubu. Aliposikia lafudhi yetu akauliza tumetoka wapi huko Uri. Si Blattiberg, wale wa gazetini? Wale watakaopiga kura kesho kuhusu kebo yao?

Shangazi akasema, "Hapana. Sisi tunakaa mjini."

Masikio yangu yaliwaka. Nilitazama sakafu hadi juu. Milima yote ilikuwa wazi, siku ya kwanza isiyo na wingu, nami sikuona hata mmoja.

Kule juu aliniketisha kwenye benchi nyuma ya mkahawa, upepo usipofika. Alinipa kipande cha mkate uliotiwa matunda ya pea yaliyokaushwa. Sikula. Nikauliza kwa nini amedanganya.

"Vreni, Balz alitaka nikupeleke wiki iliyopita," akasema. "Wiki hii niliichagua mimi."

Nilielewa polepole, kama mtu anayesoma ubaoni bila miwani. Hakusahau. Alikimbia. Na zawadi yangu ya kipaimara ndiyo njia aliyokimbilia!

Nikamwambia kwamba mimi milima ninayo nyumbani. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

Hakukasirika. Alisema:

"Nikiinua mkono huku, kaka yangu ananiona. Nikiinua kule, Balz ananiona. Nisipoinua kabisa, wananiona wote wawili. Ningekuwa wapi mimi, kama si huku?"

Kisha akanisimulia habari za mama mkwe wake, alipovunjika nyonga majira ya baridi. Nilizijua, lakini si zote. Upepo wa kusini ulivuma, kebo haikuweza kutembea, helikopta haikuweza kutua, na barabara hakuna. Walimlaza jikoni, na Shangazi ndiye aliyekaa naye. Kila alipopiga kelele, Shangazi alitoka nje kuutazama waya uliokuwa ukiyumba. Na kwenye mashine aliona taa ya Baba inawaka. Baba naye hakulala. Alikuwa ameketi pale akingoja upepo upumue, ili amteremshe.

"Sasa nimchukie nani?" akasema.

Mwalimu hakutufundisha hilo. Nilikula ule mkate, ingawa ulikuwa mkavu.

Ijumaa, 14 Oktoba. Luzern, asubuhi

Nimekata shauri. Leo tumefika hapa, na mpango ni kulala hotelini na kuchukua meli kesho. Mimi nitachukua meli ya leo. Nimemwambia mezani, kwa adabu. Shangazi abaki, apumzike. Mimi nitarudi peke yangu.

Akasema wewe hata mkono wa kuinua huna, una miaka kumi na minne. Nikasema najua. Watoto huruhusiwa kukaa viti vya nyuma. Nataka kuwepo. Kama mashine ya Baba inazimwa, sitaki kusikia habari hiyo posta.

Alinitazama sana. Kisha akasema msimamizi hawezi kumwachia mtoto wa kipaimara asafiri peke yake, watu watasema nini. Akaenda kufunga sanduku.

Ijumaa, alasiri, melini

Meli ya mvuke, yenye magurudumu makubwa ubavuni yanayopiga maji. Katikati kuna uwazi ambapo unaona injini chini, shaba tupu, inang'aa, mikono yake mikubwa ya chuma ikienda na kurudi. Siku nyingine ningekaa hapo hadi wanifukuze. Leo siwezi kutulia. Nakwenda mbele, narudi nyuma. Kila gati tunasimama, watu wanashuka taratibu na vikapu vyao kama vile hakuna jambo lolote duniani.

Shangazi amekaa kando ya injini. Nimemletea chai. Sijamuuliza atainua upande gani. Nimejizuia kwa nguvu, na naandika hapa ili nijue kwamba niliweza.

Akauliza mwenyewe kitu kingine, kama Baba ameshamaliza kupaka gari. Nikasema labda. "Nyekundu," akasema. "Babu yako angesema ni rangi ya sarakasi." Akacheka kidogo, kisha akageukia injini.

Tukiwahi basi, tutawahi gari la mwisho la kwenda juu. Treni, kebo, meli, wiki nzima hakuna kilichochelewa.

Ijumaa, jioni, kituo cha bondeni

Ng'ombe!

Basi limenasa nyuma ya kundi linaloteremka kutoka malishoni. Maua vichwani, kengele shingoni kubwa kama ndoo, wenye ng'ombe wamevaa nguo za sherehe. Abiria wakashuka kupiga picha. Dereva alifungua dirisha akawauliza wachungaji kama ng'ombe wao wana tikiti. Wakamjibu kwamba wao wametangulia kulipa, kwa maziwa, tangu enzi za babu yake. Kila mtu akacheka isipokuwa mimi na Shangazi.

Tumefika, gari la mwisho limeshapanda. Liko kule juu, jekundu kweli, hata gizani huku linaonekana chini ya taa. Shule nayo inawaka madirisha yote. Mkutano umeanza.

Hapa kuna simu moja tu, nayo hulia mahali pamoja tu, kule juu kwenye mashine. Mashine na darasa letu vimetenganishwa na ukuta mmoja. Simu ikilia tukiwa kwenye somo, Mwalimu hunyamaza hadi Baba aipokee. Kwa hiyo wote wataisikia.

Shangazi aliutazama mkono wa simu. Nilidhani hatauinua. Akauinua.

Ililia muda mrefu. Nilisogeza sikio karibu na lake.

"Nani?" Sauti ya Baba.

"Mimi."

Baba akauliza kama niko naye. Shangazi akasema ndiyo, yuko mzima, ana baridi tu.

"Wameshapiga?" akauliza Shangazi.

"Bado. Wanazungumza."

"Tuteremshie gari, Wisi."

Nasi sote watatu tulijua maana yake. Anayeendesha hawezi kuondoka kwenye mashine hadi gari lifike. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza aliyonifundisha. Wakipiga kura tukiwa angani, mkono wa Baba hautakuwemo chumbani, wala wa Shangazi. Na tukifika mapema, utaingia na wa Shangazi, sijui upande gani. Nilingoja Baba aulize upande gani.

Hakuuliza. Nilisikia kitu kikigonga meza. Ameweka simu chini, hajaikata. Halafu nyayo. Mashine iko kulia kwake, darasa kushoto. Kwa simu huwezi kujua kulia na kushoto.

Shangazi amenipa nishike mimi. Mikono yake imejificha kwenye mifuko ya koti. Naandika kwa mkono mmoja, daftari gotini. Mle ndani nasikia watu mbali, mtu anakohoa, kiti kinaburutwa. Waya juu yetu, utakaotembea mashine ikiwashwa, umetulia. Nautazama. Umetulia bado.

Nimeita ndani ya simu mara moja, polepole, na sasa naita tena.

Baba? Uko upande gani wa ukuta?