Bwana Aliyemwaga Supu

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Na baba mfikishie shikamoo yake hukohuko kwenye kahawa. Mguu wako unaendeleaje? Bado unakusumbua asubuhi? Mimi huku Lemara mzima, ila baridi, mama! Mlima umejifunika wote, nashona nimevaa masweta mawili.

Kaka Osmundi kanipigia, kaniambia Festo kaleta barua ya posa. Nitafika hapo. Kwanza nikusimulie kitu, vinahusiana.

Nina kitabu cha kusikiliza! Kiko kwenye simu, mtu anakusomea, mikono yako iko kwenye cherehani. Cha Kiingereza, kilekile nilichojifundisha kwa redio. Hadithi ya mapenzi ya Uingereza ya zamani, ya magari ya farasi. Bwana mmoja mwenye majivuno kammwagia binti supu mbele za watu. Kila akienda kuomba msamaha anaharibu zaidi. Mara kamkanyaga gauni likachanika, mara farasi wake kala maua ya mama wa binti. Anayesoma ni mwanamke mmoja, lakini anatoa sauti zote, hadi ya yule bwana na kikohozi chake cha aibu. Nilicheka mpaka nikashona mfuko wa suruali ya mteja ukaziba.

Bosi wangu, Mama Eliza, Mmeru wa Kikwe, akaniambia, "Wewe Zita, unacheka na nani? Tusikie wote." Nikaweka spika. Nasimamisha, natafsiri, naendelea.

Jana tukafika pale bwana anapiga goti.

"Kadondosha nini?" Mama Eliza akauliza.

"Anaposa."

"Peke yake? Hana wajomba?"

Happy, fundi mwenzangu, Mchaga wa Machame, akadakia, "Wazee hawajanywa pombe ya posa, huyo anaposa nini?"

"Na mahari anatoa baba wa binti," nikawaambia.

"Aaa, rudisha nyuma! Hapo umetupiga kamba," Happy akasema.

Nikarudisha. Hivyohivyo. Kazi ikasimama, ubishi mtupu.

Lakini mimi kilichonishangaza ni kingine. Binti aliulizwa yeye. Akanyamaza, bwana yuko chini, hajui atajibiwa nini. Halafu binti akaanza kumuuliza maswali!

Mama, wewe uliulizwa? Au uliambiwa tu barua imeshajibiwa? Sisemi kwa ubaya, nataka kujua kweli. Nilimuuliza Mama Eliza, akasema, "Nilienda kuchota maji, narudi, wazee wameshakunywa." Akacheka. Halafu akaniambia nirudishe tena pale binti anapoulizwa.

Sasa Festo. Wanamsifu, mashine ya kusaga anaiendesha vizuri, sawa. Ila mimi nimemsikia kwenye kwaya tu, sauti imechanganyika na za wenzake. Anachekeshwa na nini? Akikosea anasemaje? Sijui hata kimoja.

Naomba baba asiijibu ile barua kwanza. Sijakataa, wala sijakubali. Wakishaijibu wazee, mimi nitakuwa nauliza nini tena? Mpeni Festo namba yangu apige mwenyewe, mshenga asimsemee. Akibabaika haina shida. Namtaka aulize, halafu akae asubiri, na mimi nina ya kumuuliza.

Msalimie sana baba, umweleze taratibu asije akadhani nimemdharau. Msalimie bibi mzaa baba, kaka Osmundi na wifi yangu, na mama mdogo wa kule bondeni.

Mwanao niliyeweka simu karibu,
Zita