Mtoto wa Makorora, Mdoli wa Al Thumama

Al Thumama, Doha
9 Februari 2014

Dada Tatu,

Assalaam aleikum. Kabla ya yote niambie goti lako linaendeleaje, na shemeji Yusufu kile kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila koo limekauka kwa kusema maneno nisiyoyazoea. Mwanangu Mishi nibusie pale shingoni anapotekenyeka.

Najua umenipigia ukanikosa. Simu sina. Tangu Jumapili niko kwenye nyumba ya kufundishwa Kihispania, wiki nane, kula na kulala humu humu. Madamu Inés ndiye aliyenileta. Yeye na mumewe wanarudi kwao Valencia mwezi wa sita, na wanataka yaya atakayesema na watoto lugha yao, si Kiingereza changu hiki cha kuokoteza. Simu zimefungiwa kabatini mpaka tumalize. Ndani ya geti hakuna lugha nyingine, mezani wala chooni. Barua wameturuhusu kwa kuwa barua haina sauti. Makame, dereva anayetuletea chakula, ni Mpemba muungwana sana. Atazipiga picha kurasa hizi azitume kwa simu ya shemeji. Nawe ukijibu, shemeji apige picha, Makame ataichapisha dukani huko Muaither anakoishi aniletee.

Sasa lililonifanya niandike na usingizi umenijaa machoni. Nikifaulu naondoka nao, na madamu amekubali niende na Mishi. Amesema nyuma ya jiko kuna chumba kinachotosha watu wawili, na mtoto mdogo hushika lugha upesi. Makaratasi yetu yatashughulikiwa pamoja, kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena. Dada, nilimwacha ana miezi saba. Mwezi wa tano anatimiza miaka mitano. Naomba umpeleke akapigwe picha za pasipoti, na uanze kumwambia, kidogo kidogo, asije akashtuka.

Mdogo wako,
Zuleikha


Makorora, Tanga
20 Februari 2014

Mdogo wangu Zuleikha,

Waleikum salaam. Goti lipo, linauma likitaka. Yusufu hajambo, kikohozi kimemwachia lakini sigara hajaiacha. Mishi hajambo, amelala hapa ubavuni mwangu ninavyoandika, mdomo wazi.

Nimefurahi kwa habari ya masomo. Huku Mishi naye ameanza chuo cha Kurani. Siku ya kwanza alimwambia mwalimu wake kuwa alif anaijua, asimfundishe tena, amfundishe nyingine. Darasa zima likacheka. Mkate anakula kingo tu, katikati ananiachia mimi. Meno yake ya mbele moja linacheza, mapema mno, nadhani ni kwa kuguguna miwa.

Picha sijapiga. Amenyolewa kwa ajili ya vipele vya kichwa. Nywele ziote kwanza, apendeze.

Hivi huko Valencia adhana inasikika? Na atasukwa na nani, wakati wewe uko na watoto wa watu kutwa nzima?

Dada yako,
Tatu


Al Thumama
6 Machi 2014

Dada yangu,

Nimeipokea barua yako na jino la Mishi limenichekesha mpaka nikajifunika shuka. Natumaini vipele vinapona. Mpake mafuta ya nazi, usimpake dawa ya duka lile la kona. Afya yangu nzuri, uchovu tu.

Acha nikueleze tunavyoishi. Alfajiri mwalimu anapita na kengele, na tangu hapo neno la kwenu ni kosa. Ukikosea unavishwa aproni nyekundu, na hivuliwi mpaka umnase mwenzio naye kakosea. Atakayeingia nayo chakula cha jioni ndiye anaosha vyombo vya watu kumi na wawili. Kuna Mkenya mmoja, Akinyi, tunalala naye chumba kimoja, yeye na aproni ni ndugu. Tukitaka kusema Kiswahili tunaingia bafuni tunafungua maji. Juzi ananiambia, "Aki Zule, hii ni ile disc ya primary, ukiongea lugha ya nyumbani unavishwa. Nilidhani niliiachia mwalimu Athanas kule Siaya, kumbe ilipanda ndege." Nikamwambia apunguze sauti. "Hata kuomba siombi tena," akasema, "Mungu akinijibu Kijaluo nitaosha sufuria mpaka Pasaka."

Mchana kila mmoja anapewa mdoli. Wa plastiki, mzito kama mtoto kweli, macho yanafumba ukimlaza. Unamwogesha, unambadilisha nepi, unamlisha, unambembeleza, na yote unasema kwa sauti kwa Kihispania, mwalimu yuko nyuma yako anaandika. Akinyi wake anamsema chinichini, "Usiniangalie hivyo, si mimi nilikuzaa." Mimi nasifiwa. Mwalimu alisimamisha darasa wenzangu waje waone ninavyomshika kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba mikono hii ilikuwa na mtoto kabla ya kuwa na mdoli, lakini maneno ya wakati uliopita bado sijayafikia. Nikasema asante.

Dada, sasa nasema na wewe wazi, usinielewe vibaya. Picha ya pasipoti haijali upara. Umempeleka? Na umemwambia? Hilo la pili hukulijibu kabisa. Nami nakujua, wewe ukiacha jambo hujasahau.

Mdogo wako,
Zuleikha


Makorora
25 Machi 2014

Zuleikha,

Salamu nimezipata na sisi tu wazima. Nimekawia kwa kuwa nilikuwa naandika nachana.

Wewe ulimzaa, halina ubishi. Lakini unaniandikia kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi, na mwenyewe sasa amekuja kuuchukua. Basi tukumbushane. Mtoto wangu tulimzika Ijumaa. Wewe safari yako ilikuwa Jumatano ya pili yake. Maziwa yalikuwa yananivuja mpaka kwenye mkeka wa matanga, watu wakiinamisha macho. Marehemu mama ndiye aliyesema, "Mpeni huyu, kuna mtoto na kuna maziwa, mnalilia nini?" Ukanipa. Ukakaa kizingitini ukatuangalia mpaka akashiba akalala. Ukachukua begi ukaenda. Nami nikamnyonyesha mpaka akaacha mwenyewe. Sheria inasema huyo ni mwanangu wa kunyonya, na sheria isingesema, mwili wangu ungesema.

Sikuandika haya ili kukunyima. Nakuandikia ujue unachokiomba.

Picha nimepiga, shemeji yako anazo. Kumwambia nimemwambia hivi, kwamba mama yake mdogo wa Doha atakuja, watatembea pamoja. Akauliza, "Mama mdogo anapenda kingo au katikati?" Zaidi ya hapo ulimi wangu haukwenda. Utamalizia mwenyewe.

Dada yako,
Tatu


Al Thumama
7 Aprili 2014

Dada Tatu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi salama. Nimefaulu, wa pili kati ya kumi na wawili. Akinyi naye kapita kwa taabu, amelia kama aliyefeli.

Maziwa yako siyakani, wala siku hiyo ya kizingitini sijaisahau. Mimi yangu niliyakamulia kwenye sinki ya jiko la watu, wiki nzima, bomba likiwa wazi. Sikukuambia. Nilikwenda kwa sababu mume alikuwa ameshaniacha na nyumba ya mama ilikuwa inavuja kila chumba, na wewe ndiye uliyesema nenda.

Sasa naja. Madamu amenikatia tiketi ya tarehe pili Mei. Nitakaa kidogo anizoee, kisha tutapanda basi kwenda Dar kumalizia pasipoti na viza. Nakuomba kwa heshima yote, wewe ni mkubwa wangu, usimfiche kwa watu na usimjaze maneno. Ni mwanangu, naja kumchukua.

Mdogo wako,
Zuleikha


Makorora
14 Aprili 2014

Zuleikha,

Sisi wazima. Njoo. Sijamfundisha kukukataa na sitamfundisha. Nguo zake nimezifua.

Tatu


Doha
24 Mei 2014

Dada Tatu,

Assalaam aleikum. Nilifika salama, nikakuta watoto wa madamu wana mafua, ndiyo maana kimya. Na goti hilo usipige magoti sakafuni, tafuta fagio la mpini mrefu. Simu ninayo siku hizi, lakini haya siwezi kuyasema huku nakusikia unavyopumua.

Hukuniuliza kwa nini nilirudi siku ile. Ulitufungulia mlango, ukampokea, ukaniwekea chai, ukaenda zako kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa. Ningependa ungeuliza. Hata asubuhi tulipoondoka ningependa ungenitukana, ukamng'ang'ania, nikapata mtu wa kugombana naye. Wewe ulimfungia maandazi ukamwambia, "Msikilize mama mdogo."

Basi alinisikiliza. Njia nzima. Alikaa dirishani, akamwamkia mzee wa kiti cha mbele, akaniuliza kama Doha kuna kunguru. Nilimwambia tunakwenda mbali, kupanda ndege, kukaa. Akasema haya. Andazi alikula moja, mengine akayafunga tena. Baada ya Muheza akatapika. Nikampangusa, nikamlaza mapajani, na maneno yaliyonitoka ya kumbembeleza yalikuwa yale ya darasani, yote, kwa mpangilio wake, mwalimu angenipa alama zote. Mishi akaniangalia usoni kwa adabu, kama mtoto anavyomwangalia daktari wa hospitali. Nikatafuta ulivyokuwa ukimbembeleza wewe, na sikujua. Hukuwahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nauliza tu ameumwa, amekula, ameota jino.

Segera basi lilisimama watu wachimbe dawa. Nilimpeleka haja, nikamnawisha. Ananikung'utia vumbi kwenye baibui langu, halafu anasema, "Mama mdogo, nimetembea vizuri. Sasa nirudishe kwa mama kabla hajafunga mlango."

Nikachutama. Nikamwambia, "Mishi, mama yako ni mimi. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Akafikiri. Akasema, "Ndiyo, mama mdogo."

Hakulia, Dada. Angelia ningejua la kufanya, watoto wanaolia ndiyo kazi yangu. Ningembeba, ningemwimbia, angechoka, angelala, tungeamka Dar, na kwa mwaka mmoja angezoea. Wanazoea, nawaona hapa. Yeye alisimama akanishika kidole akingoja nimalize lolote nililokuwa nalisema, kwa sababu ulimwambia anisikilize. Kondakta anapiga bodi ya basi, "Mama, unapanda au unahama?" Nikamwambia anitolee begi.

Madamu aliniuliza mtoto yuko wapi. Nikamweleza yote, tangu matanga mpaka Segera, kwa Kihispania, wakati uliopita na kila kitu. Alinisikiliza mkono kifuani. Nilipomaliza akaniambia nimeendelea sana, hakutegemea ningefika hapa kwa wiki nane.

Tunaondoka tarehe kumi na nne Juni. Kile chumba nyuma ya jiko nitalala peke yangu. Nitapiga simu Ijumaa, nikiongea naye nitamwitikia kwa jina analoniita, sitamsahihisha. Lakini wewe nina neno nawe, na hili si ombi. Akifika umri wa kuelewa utamwambia nani kamzaa, umwambie wewe kwa mdomo wako, asije akalisikia bombani kwa watoto wenzake. Na siku hiyo usimwambie kwamba nilimwacha nikaenda, ukakomea hapo. Mwambie nilikuja. Mwambie nilimchukua mpaka Segera, na aliponiomba nimrudishe, nilimrudisha.

Mdogo wako,
Zuleikha